Kompyuta Iliyozimia kwa Salamu

Katika milima yote ya Masisi, na nikitaka naongeza Walikale nzima mpaka pale msitu unapochoka, mimi ndiye mtu wa kwanza kuzimisha kompyuta kwa salamu. Si kwa maji ya mvua. Si kwa jenereta inayopanda na kushuka kama homa. Si kwa panya, ingawa panya wa Mweso nao wana elimu yao. Kwa salamu tu. Niliifundisha adabu za kwetu, ikazishika kutushinda sisi wenyewe, ikazimia.

Naiandika hapa kwa sababu wateja wangu wanaisimulia vibaya. Mchana mimi ni kinyozi. Kibanda changu kiko kando ya barabara ya Kitshanga, na mashine yangu ya kunyolea inakula jua kutoka kwenye paneli niliyoifunga juu ya bati. Jua likijificha katikati ya kazi, mteja anarudi nyumbani na nusu ya kichwa, anakuja kumalizia kesho. Wapo waliokataa kumalizia, wakasema ni mtindo, na mtindo huo ukafika hadi Lushebere kabla yao.

Jioni nilikuwa mwanafunzi. Nikishakung'uta nywele za watu shingoni mwangu, nilivuka barabara na kuingia katika chumba kimoja nyuma ya depo, lile ghala la mazao, ambacho ndicho kilikuwa shule yetu ya jioni, yaani darasa, maktaba, ofisi na uwanja wa michezo. Tulikuwa na kompyuta chache, nzee sana. Nadhani Nuhu alizipandisha mbili mbili. Mwalimu wetu alikuwa mtu mwembamba aliyekwenda kusomea Goma, akarudi akiwa na miwani na subira, na subira ilikuwa nene kuliko miwani. Alitufundisha kuandika programu, zile za madirisha na vitufe, unabonyeza hapa, jambo linatokea pale. Jirani yangu wa benchi alikuwa dada mmoja mshonaji, mwenye ulimi mkali kuliko mkasi wake. Wengine darasani walikuwa wakulima, mwuza simu, na papa mmoja wa jibini, mzee ambaye daftari lake lilinukia maziwa.

Chumba hakikuwa chetu. Kilikuwa cha mwenye depo, mama mfanyabiashara aliyetoka upande wa Butembo, ambaye alituazima bure. Sote tulimwita Mama, na pale Mweso ukisema "Mama amesema," hakuna aliyeuliza mama gani. Kamio lake, yaani lori, lilipeleka maharage, viazi na jibini la Masisi hadi Walikale, likarudi na mafuta ya mawese na ndizi. Alipotembea kwenye soko, mizani zilijirekebisha zenyewe.

Sasa, jioni moja, Mama aliingia darasani bila kubisha. Nyuma yake walikuwa wapakiaji wake, kila mmoja na gunia la viazi mgongoni.

"Jambo Mwalimu."

"Jambo sana, Mama. Habari ya depo?"

"Depo imeyala mpaka kwenye mlango. Njo habari yenyewe. Viazi imeshuka mingi huku kwenye milima, na miye minakosa fasi. Hii chumba minaihitaji."

Magunia yakawekwa ukutani, puu, puu, chini ya ubao. Mwalimu alivua miwani.

"Mama, na masomo?"

"Masomo iko muzuri. Lakini viazi inaozaga, Mwalimu. Masomo haiozake."

Kwa kweli hakuna kitabu cha falsafa kinachoweza kujibu hoja hiyo. Ni Mwalimu aliyepata neno. Alikumbuka mlango wa depo.

Mlango wa depo, kwa asiyeujua, ndio ulikuwa kichwa cha biashara nzima. Gunia likipimwa, mpakiaji aliandika kilo zake kwa chaki kwenye mlango, kisha akapiga kelele ili anayepanga mizigo juu ya kamio asikie, naye akapiga kelele ili anayempa mteja karatasi yake asikie. Mvua ikinyesha, mlango ulisahau. Upepo ukivuma, mpangaji hakusikia. Ndiyo maana kamio lilikuwa likiondoka limebeba mlima, na matope ya kabla ya Kalembe hayana huruma na mlima. Safari moja lilikwama pale mpaka maharage yakaota ndani ya magunia. Watu wakasema shofere anayeliendesha amelima.

"Mama," Mwalimu alisema, "utupe mpaka siku ya soko. Hawa wanafunzi watakutengenezea programu ya kupakia kamio."

"Itabeba magunia?"

"Haitabeba magunia. Itajua kilo. Gunia likiandikwa fasi moja, fasi zote zitajua."

Mama alitutazama mmoja mmoja, kama anayechagua nyanya.

"Bon. Siku ya soko, kamio ya Walikale ikipakiwa, minakuja kuangalia na macho yangu. Ikitumika, mutabakia hapa. Ikikatala, hii chumba ni ya viazi, na nyiye mutasomea kwenye barabara."

Alipotoka aliacha magunia. Yalikuwa kama askari wa zamu.

Mwalimu aligawa kazi. Dada mshonaji atatengeneza dirisha la kuingizia mizigo: jina la mteja, kitu chenyewe, kilo. Papa wa jibini atachora kamio linalojaa rangi kutoka chini kwenda juu, kama chupa, na ukibonyeza gunia ndani ya mchoro unaweza kulishusha. Mwuza simu atafanya jumla ya kilo. Mkulima mmoja kijana atafanya karatasi ya mteja. Kisha Mwalimu akanielekezea kidole.

"Na weye kinyozi, weye unajuaga kuongelesha batu. Utaongelesha hii madirisha."

Hapo ndipo kazi ilipokuwa, jamani. Kutengeneza dirisha si kitu. Kila mtu anaweza kujenga nyumba yake kwenye mlima wake. Lakini nyumba iliyo kwenye mlima huu inaona moshi wa nyumba ya mlima ule, haisikii maneno. Dada akiingiza gunia kwenye dirisha lake, kamio la papa wa jibini halina habari. Limekaa tupu, linatabasamu. Vipande vinne vya programu, vyote vizuri, vyote viziwi.

Basi nikaviongelesha. Nilifanya kama mtu yeyote mwenye bidii na asiye na ramani: nilichimba njia kutoka kila nyumba kwenda kila nyumba. Dirisha la mizigo likawajua kamio, jumla na karatasi. Kamio likawajua wale wengine wote. Na kila mmoja akamjua kila mmoja. Kisha, kwa kuwa mimi nimelelewa, niliongeza adabu. Kwetu mtu akikuletea habari ukakaa kimya, atakwenda kusema una ugonjwa au umepata cheo. Kwa hiyo niliandika kwamba dirisha lolote likipokea ujumbe, limjibu aliyeutuma: aksanti, nimepata. Nilijisifu sana. Nilimwambia mteja aliyekuwa kwenye kiti changu kwamba ninajenga programu ya kwanza yenye malezi mema katika Kivu. Alisema nitazame sikio lake.

Jioni ya kujaribu, darasa zima lilisimama nyuma yangu. Dada aliandika gunia moja la maharage, akabonyeza kitufe.

Kamio lilipata rangi kidogo, mstari mwembamba wa kijani chini kabisa. Watu wakashangilia. Kisha kila kitu kikaganda. Kishale hakikusogea, vitufe vilikataa, dirisha likapauka kama uso wa mtu aliyeona nyoka. Feni ya kompyuta ilianza kunguruma kama kamio linalopanda mlima na gia ya kwanza, ikazidi, ikazidi, mpaka vumbi la miaka yote likatoka na nadhani na buibui mmoja mwenye familia. Halafu kioo kikawa cheusi.

"Kinyozi," dada alisema taratibu, "umeinyoa kabisa."

Mwalimu aliuvuta ule ukurasa wa daftari nilioandikia programu, akausoma kwa kidole. Alisoma, akarudi juu, akasoma tena. Mabega yake yakaanza kutikisika.

"Njooni muone," alisema. "Dirisha ya mizigo inaambia kamio: gunia imeingia. Kamio inajibu: aksanti, nimepata. Sasa hiyo aksanti nayo ni ujumbe. Kwa hiyo dirisha ya mizigo inajibu: aksanti kwa aksanti. Kamio inajibu: aksanti kwa aksanti ya aksanti..."

"Na haikutuliaka?" aliuliza papa wa jibini.

"Itatulia namna gani? Hakuna anayetaka kuwa wa kwanza kunyamaza!"

Basi hapo darasa lilianguka. Dada alijilaza juu ya magunia ya viazi akicheka. "Huyu amefanya mashini ikuwe muzee wa kwetu! Jambo, jambo sana, na batoto, bako muzuri, na mbuzi, iko muzuri, na ile mbuzi ingine! Soko inafungwa bangali wanasalimiana!"

Nilicheka pia, kuliko wote, kwa sababu mtu anayechekwa akicheka zaidi anaonekana ndiye aliyepanga. Lakini nikatazama yale magunia aliyolalia, na kicheko kikapungua. Yalikuwa yameongezeka tangu jana.

Niliondoa aksanti zote. Nilidhani nimepona. Sikupona. Kompyuta haikuzimia tena kwa salamu, ila njia zangu zilikuwa nyingi mno, na zilianza kunipoteza mimi mwenyewe niliyezichimba. Ukiingiza gunia, kamio linajaa, jumla inabaki sifuri. Nikitengeneza jumla, karatasi ya mteja inatoka mara mbili. Na ukibonyeza gunia ndani ya mchoro kulishusha, kamio lililiambia dirisha la mizigo "limeshuka," dirisha likaliambia kamio "limeshuka," kamio likasema "ee, limeshuka," tukawa tumerudi kwa wazee wa mbuzi. Kila siku wapakiaji waliingia na magunia mengine. Benchi la nyuma lilikwisha kumezwa. Mwuza simu alisoma akiwa amekaa juu ya viazi, mrefu kama chifu. Mwalimu aliandika ubaoni kwa kuinama pembeni, maana sehemu ya chini ya ubao ilikuwa tayari ya Mama.

"Kinyozi," alinong'ona, "soko iko karibu."

"Mwalimu, hata miye minaiona ikikuya."

Ndipo ikafika Jumapili.

Nilikuwa parokiani, nimebanwa kwenye benchi la katikati. Mama alikuwa mbele yangu, kitambaa chake kichwani kimesimama kama mnara wa simu. Misa ilikuwa imekwisha kufika mwisho, kwenye matangazo. Katekista alisimama na karatasi yake. Vijana wa korali, mazoezi baada ya misa. Wenye watoto wa kubatizwa waje kuonana naye. Kisha akasema: ng'ombe mweusi mwenye pembe moja ameonekana ndani ya shamba la maharage la parokia, mwenyewe aje amchukue kabla hajamaliza mstari wa tatu.

Sijui kwa nini nilisikiliza kwa makini siku hiyo. Pengine ni kwa sababu kichwa changu kilikuwa kimejaa njia. Nilimwona papa mmoja pembeni akisimama kimya, akashika kofia, akatoka haraka. Hakusema "aksanti katekista, nimesikia." Katekista naye hakumtazama. Hakujua ng'ombe ni wa nani. Hakuhitaji kujua! Alisema mara moja, mbele ya wote. Kila sikio likachukua lililo lake, lingine likaliacha lipite. Vijana wa korali hawakujali ng'ombe. Mwenye ng'ombe hakujali korali. Na aliyeleta lile tangazo la ng'ombe hakuzunguka nyumba kwa nyumba katika milima yote akiuliza "ni wako?" Na fikiri kama kila mtu angejibu! Kanisa zima, mmoja mmoja, aksanti katekista, karibu, aksanti kwa karibu. Tungekuwa mle ndani mpaka Pasaka, na ng'ombe angekuwa amemaliza shamba na kuanza mlango.

Nilipiga makofi. Nasema kweli, katikati ya kanisa, paa! Na nikacheka kwa sauti.

Mnara wa simu uligeuka taratibu. Macho ya Mama yakanipata.

"Weye! Ng'ombe ni yako?"

"Hapana Mama. Ni ya programu."

Aligeuka mbele tena akafanya ishara ya msalaba, kwa ajili yangu nadhani.

Nilikimbia mpaka kwa Mwalimu bila kula. Tulifungua chumba, tukasukuma viazi, tukawasha. Nikafuta. Nilifuta mistari mingi kuliko nywele nilizowahi kunyoa tangu nianze kazi. Kila njia kutoka nyumba hadi nyumba, niliizika. Mahali pake niliandika kipande kimoja kidogo, hakina dirisha, hakina rangi, hakionekani kwenye kioo, na nikakiita Katekista.

Kazi ya Katekista ni hii tu. Kila dirisha linakuja kwake mwanzoni na kusema: ukitangaza jambo la namna hii, niite. Gunia likiingia, dirisha la mizigo halimjui kamio wala jumla wala yeyote. Linampa Katekista tangazo: gunia limeingia, kilo hizi. Katekista anasoma. Walioomba kuitwa wanasikia, kila mmoja anafanya kazi yake kwake. Hakuna anayejibu. Na aliyeleta tangazo, akilisikia likisomwa, hasimami tena kulileta upya; kama yule aliyemwona ng'ombe shambani, akisikia tangazo lake, anabaki amekaa.

Mwalimu alisoma nilichoandika. Kilikuwa kifupi hata nikaona haya.

"Ni hii tu?"

"Njo hiyo tu, Mwalimu."

Tuliingiza gunia. Kamio likajaa kidogo, jumla ikapanda, karatasi ikatokea. Tukalishusha kwa kubonyeza mchoro. Kamio likapungua, jumla ikashuka, dirisha la mizigo likalifuta gunia. Kimya. Feni ililala kama mtoto aliyeshiba. Mwalimu alinishika mkono akautikisa, akautikisa, sikujua tutaachiana saa ngapi; kumbe hata yeye alikuwa na ugonjwa ule wa salamu.

Siku ya soko mvua nyembamba ilianza asubuhi, ile ya Mweso isiyokulowesha mara moja, inayokulowesha kwa hoja. Mlango wa depo ulikuwa tayari umeanza kusahau. Tuliweka meza chini ya turubai, kompyuta na kaprinta ketu kadogo juu yake, na waya kutoka kwa jenereta. Kamio lilisimama nyuma yetu, na shofere wake, mtu mwenye tumbo la heshima, aliegemea mlangoni akitutazama.

"Hii njo inataka kunifundisha kamio? Miye minapimaga na masikio. Chuma ya chini ikilia, inatosha."

"Na safari ile ya maharage iliyoota," dada alimwuliza, "masikio ilikuwa imeenda wapi, Papa Shofere?"

Wapakiaji walicheka mpaka mmoja akaachia gunia. Kazi ikaanza. Gunia kwenye mizani, mpakiaji anaita kilo, dada anaandika, anabonyeza. Kijani kikapanda ndani ya kamio la kwenye kioo. Jumla ikapanda. Kaprinta ketu kakakohoa karatasi ya mteja. Watu wa soko walianza kusogea. Mama mmoja wa mihogo alibonyeza kidole chake kwenye kioo, akaona gunia lake ndani ya kamio, akapiga kigelegele kana kwamba gunia limeonekana kwenye televisheni. Si uongo: walikuja watu hadi nikaamini soko lenyewe limehamia kwetu, na kule kwenye vibanda wamebaki mbuzi wakiuziana.

Mama alikuwa akitazama kioo. Alisimama mikono nyuma. Kamio la kwenye kioo lilipokaribia kujaa, alinigeukia.

"Kinyozi. Hii iko muzuri. Lakini shofere yangu haiangaliake kioo. Minataka kitu ingine. Kilo ikipita, ipige kelele. Na ikuwe nyekundu, kubwa, muntu wa ng'ambo ya barabara aone."

"Mama, siku ya soko inayokuja..."

"Leo. Sasa."

Nilimwona Mwalimu akishika miwani yake kwa mikono miwili. Alikuwa akikumbuka zile njia zangu za zamani, nilijua. Zamani, kuongeza dirisha moja kungekuwa kubomoa nyumba zote nne na kuchimba njia mpya kwenda kila mlima, mbele ya watu, chini ya mvua, na viazi vikisubiri. Shofere alikwisha kuanza kutabasamu.

Mimi nilikaa. Nilikunja mikono ya shati kama nakwenda kunyoa gavana. Nikaandika dirisha dogo lenye kazi moja: linamwendea Katekista, linasema, ukitangaza kilo, niite, na kilo zikipita kiasi cha kamio, ninawaka na kupiga kelele. Basi. Sikugusa dirisha la dada. Sikugusa kamio la papa wa jibini, ambaye alikuwa amesimama nyuma yangu akihema juu ya shingo yangu. Vipande vingine havikujua hata kwamba vimepata ndugu. Ni kama mgeni aliyehamia kijijini: hazunguki kuomba kila nyumba imletee habari, Jumapili anakwenda kanisani, anasikia pamoja na wengine.

"Bado?" aliuliza shofere. "Ao tulale hapa?"

"Papa, hata kichwa chako nisingekinyoa haraka hivi; nimekwisha kumaliza."

Nikawasha tena. Mizigo yote ilikuwepo bado, kijani chote mahali pake. Kando kukawa na mraba mpya, umetulia, wa kijivu. Mama aliutazama.

"Haina nyekundu."

"Kamio haijapita, Mama."

Akafikiri. Kisha akawanyooshea wapakiaji kidole. "Lete ile gunia yangu ya chumvi. Ile ya mwisho. Tia."

Nikajua anatupima. Gunia la chumvi likapanda kwenye mizani, mpakiaji akaita kilo, dada akanitazama, nikamwambia kwa macho andika. Akabonyeza.

Mraba ukawaka mwekundu kama mdomo wa tanuri. Na kelele! Kompyuta ile nzee, ambayo hatukujua ina koo, ilipiga mlio hata mbwa wa soko wakajibu, na naapa kuku wa ng'ambo ya barabara walianza kutaga kabla ya wakati. Watu walirudi nyuma. Halafu kila mtu akamtazama Mama, kwa sababu chumvi ilikuwa ya Mama.

Shofere alisema taratibu, "Mama, ni gunia moja tu. Barabara itavumilia."

Mama alimpita akaja kwangu. Aliniinamia.

"Hii mashini inajua hii chumvi ni ya nani?"

Ningeweza kusema neno tamu. "Hapana, Mama. Imesikia kilo tu."

"Haijue mwenye depo ni nani?"

"Haijue hata kidogo."

"Na ile chumba yenye inatoka ndani yake, haijue ni chumba ya nani?"

"Haijue, Mama."

Mvua ilipiga turubai. Kisha tumbo la Mama likaanza kutikisika, kicheko kikapanda kutoka chini kama ile rangi ya kijani, kikafika mabegani, kikatoka kwa sauti.

"Kwa hiyo haiogope muntu! Miye minatafuta wa namna hii miaka yote, na wote benye minaandika kazi wanaogopa! Shusheni hiyo chumvi."

"Mama, hata weye?" shofere alishangaa.

"Hata miye. Shusha!"

Dada alibonyeza gunia ndani ya mchoro. Chumvi ilishuka juu ya kamio na ndani ya kioo kwa wakati mmoja, nyekundu ikazimika, kelele ikakatika. Soko lilipiga makofi. Mwalimu alikuwa akifuta miwani isiyokuwa na kitu. Mimi nilisimama juu ya kiti, nikainama mbele ya watu wote, na wanaosema kwamba kiti kilivunjika wanasema kweli, lakini kilivunjika kwa furaha.

Kamio liliondoka. Siku shofere aliporudi na mawese, alipita kwenye kibanda changu kunyolewa, na aliongea mpaka nikamaliza kichwa chote bila yeye kujua. Alisema matope ya kabla ya Kalembe waliyapanda kama mbuzi anayefuata chumvi. Hakusema programu. Alisema kamio ilikuwa na moyo siku ile. Nilimwacha.

Lakini jioni ile ya soko bado haijakwisha. Tulirudi darasani tukiimba, tukakuta wapakiaji wametutangulia. Walikuwa wakitoa viazi. Gunia kwa gunia, ubao ukaonekana tena hadi chini, benchi la nyuma likafufuka. Mama alisimama mlangoni na ufunguo wa chumba mkononi. Akautundika kwenye msumari ulio ndani, upande wetu.

"Viazi itapata fasi ingine," alisema. "Mwalimu, hawa endelea kuwafundisha. Na nyiye mutaniwekea ile mashini kwenye depo siku zote za soko."

"Mama," dada alisema, akiwa amekalia gunia la mwisho na hataki kusimama, "hii moja utuachie. Benchi iko nguvu sana, na hii imekwisha kujua umbo langu."

"Moja tu. Na muikule mbiyo, mbele haijaoza."

Kabla hajatoka alipita kwenye kompyuta, ile tuliyoirudisha mezani; habari ya aksanti zangu ilikuwa imemfikia zamani. Aliinama kidogo mbele ya kioo, kwa heshima yote.

"Jambo," alisema.

Kompyuta ikanyamaza. Mama akangoja, akatugeuzia kichwa, akatikisa kidole.

"Sasa njo imepata akili."

Lile gunia tulilila siku ya kupewa breve zetu, vyeti vya kumaliza masomo. Tulichemsha viazi vyote katika sufuria la papa wa jibini, na jibini lake juu, na Mama akaleta chumvi, ile ile iliyoshushwa. Sijawahi kula kitu kitamu hivyo, na nimekula mengi.